Mguu wa Abiria

...na pedi hii ya kulia imeisha kabisa, hebu igeuze, ndiyo, imebaki chuma kitupu, wakati ya kushoto niliyoitoa sasa hivi bado ni nene, na zote zilifungwa siku moja, na mikono ileile, ya Jong-gyu, hapahapa uani, kabla hatujapanda viazi, yeye kalala chini ya gari na mimi nimeshika tochi, akiniambia shika vizuri bibie, unanimulika puani, na sasa mume wangu yuko kule kilimani chini ya nyasi zilizoanza kukauka na mimi ndiye niliyepiga magoti kwenye changarawe na spana yake, na sielewi kwa nini pedi za breki za upande wa dereva, huku kwetu dereva hukaa kushoto, zidumu na za upande wa abiria ziliwe namna hii... labda kalipa inakwama, hiki chuma kinachobana pedi, itakuwa inakwama tu, ukungu wa mlima huu haukosi kuleta kutu, usianze mambo yako. "Mama Boram!" ni mama mkwe, amekaa kwenye jukwaa la mbao katikati ya makabichi, anayapasua na kuyatumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi ili yachachuke, "Mama Boram, mwanamke mzima unaingiza kichwa kwenye tairi, kina Tak wanakuangalia!" na mimi najibu waache waangalie, mama, hawalipi kiingilio, na yeye anacheka kwa pua, halafu kisu chaa, kabichi linafunguka, "Mimi ningeliuza. Gari alilofia mwanangu sijui mnalipendea nini," na hapo nachukua brashi nasugua kutu, nasugua, kwa sababu ni kweli, alifia humu, kwenye kiti hiki kilicho juu ya kichwa changu, tukishuka mlima Daegwallyeong kwa barabara ya zamani, mimi nimekanyaga mafuta na yeye mkono kifuani, mguu wa kulia umenyooka mbele, amekandamiza sakafu kana kwamba kuna breki pale, na neno lake la mwisho halikuwa jina langu wala la mtoto, lilikuwa taratibu... taratibu, mimi nikapiga kelele taratibu nini wewe unakufa, na hospitalini walipomtoa, mguu ule uligoma kukunjika, wale vijana wawili wa machela wakatazamana, ikabidi wamtoe kiubavu, na daktari akaniambia hata ungepaa kwa ndege, mama, moyo ulikuwa umeshamaliza kazi, sawa, nimesikia, lakini mguu je. "Chumvi inatosha hii?" sijui mama, onja. "Ulimi wangu hauonji siku hizi." Basi Boram aonje, "Boram anafungasha nguo, huyo, utadhani anahamia mwezini," na kweli namsikia mwanangu ndani, makabati yanafunguliwa na kufungwa, leo anashuka na gari hili peke yake kwenda kuanza kazi mjini Gangneung, kona zote zile, peke yake... peke yake, ila sijui kama atakuwa peke yake. Kwa sababu kuna zulia. Baada ya mazishi nilinunua zulia jipya la miguuni, jeusi, la mpira, nikaliweka upande wa abiria, na tangu hapo hakuna aliyekaa pale, mama mkwe hataki hata kuligusa gari, Boram hukaa nyuma, na juzi nikafagia nikaona limebonyea, mahali pa kisigino, limebonyea na kung'aa kama linavyong'aa lililozoea mguu, nikalisukuma kwa kidole, likarudi polepole, nikaufunga mlango nikaenda kulisha kuku. Na Tak, jirani yetu, alinifuata siku moja kwenda sokoni na pikapu yake, tulipofika akashuka akaniuliza, dada, mbona unashuka mlima mzima umekanyaga breki, taa zako nyekundu zimewaka toka juu mpaka chini, utazichoma hizo pedi, na mimi nikacheka nikasema uoga tu, lakini mguu wangu ulikuwa hewani, Mungu wangu, mguu wangu haukuwa umegusa kitu, nilikuwa nimeiacha gia izuie gari kama Jong-gyu alivyonifundisha, na nilipofika nyumbani sikula... basi, kazi, kazi, pistoni, inayoisukuma pedi, lazima irudishwe ndani ili pedi mpya nene zipate nafasi, chukua hicho kibano cha seremala, weka pedi kuukuu juu ya pistoni, kaza, polepole, inaingia, vizuri, kaza tena, inaingia... imesimama. Kaza. Haiendi. Na sasa, hapana, sasa inarudi, naiona inarudi, mpini wa kibano unatetemeka kwenye kiganja changu, kitu kinasukuma kutoka upande wa pili, taratibu, bila hasira, kama mtu anayekusukuma mkono mezani akitaka kukuachia ushinde, na njia pekee ya pistoni hii kutoka ni mtu akanyage pedeli, na ndani ya gari hamna mtu, nainua kichwa natazama dirishani, hamna mtu, usukani, kiti, kiti. "Mama!" "Nini?" "Umekuja huku?" "Nije na magoti gani?" kisu chaa, kabichi linafunguka, na vidole vyangu vimekuwa baridi, nataka kuacha kila kitu hapa, nimpigie Tak aje alivute gari hili akalitupe mtoni, nimwambie Boram apande basi, kwa sababu siku zote hizi nimedhani ananizuia, nimedhani ananidai ile taratibu ambayo sikumpa, kila kona, kila mteremko... lakini ngoja. Ngoja, mwanamke. Lini mguu ule ulitulia? Alikanyaga sakafu tangu tulipooana, alikanyaga nikiendesha kwenye shamba la kabichi mwendo wa bata, alikanyaga Boram alipokuwa tumboni mwangu, jasho linamtoka, nikamtania, wewe umechimba shimo hapo sakafuni karibu utokee chini, na akanijibu, mimi nakusaidia tu, bibie, mguu mmoja hautoshi kwa watu watatu. Nakusaidia tu. Hata siku ile, hewa imemwisha, moyo umemwisha, alikuwa anatusimamisha tusianguke korongoni, ndivyo, mguu ule haukuwa na ugomvi na mtu. "Jong-gyu," nasema, kwa sauti ndogo mama mkwe asisikie, "niachie kidogo nimalize," na nakaza, na pistoni inaingia, inaingia yote, laini kama kwenye samli. Pedi mpya ndani, kalipa juu yake, bolti, kaza, tairi, nati, shusha jeki, na nafuta mikono nakaa kwenye kiti cha dereva, kwa sababu pistoni zikisharudishwa pedeli huwa laini, inazama mpaka sakafuni, lazima uipampu mpaka ishike kabla hujagusa ufunguo, na naweka mguu wangu juu yake, nakanyaga... haizami. Ni ngumu. Mtu ameshaipampu, imeshika barabara, mara ya kwanza tu, na mimi sijafanya kitu, na nywele zimenisimama kichwani mpaka shingoni, lakini siondoi mguu, nauacha pale juu yake, na machozi yananitoka bila kelele. "Mama, tayari?" Boram kafungua mlango wa upande wa pili, kashika begi lake kubwa, "mbona unalia?" ni vumbi la breki tu, mwanangu, tayari, breki ziko vizuri sana, "Bibi anasema niendeshe polepole," msikilize bibi yako, na anainua begi alitupe kwenye kiti cha abiria na mimi namshika mkono, "Hapo usiweke kitu." "Kwa nini?" Kisu cha mama mkwe kimesimama, anatutazama kutoka kwenye makabichi yake, mzee huyu, na mimi nalichukua begi la mwanangu, nalipeleka kiti cha nyuma.