Babu wa Venisi Anyolewa Ndevu

Ami yangu Aflah aliinunua ile picha Milano, alipokwenda likizo: mzee wa ndevu na kilemba, kazi ya miaka mia tano, mchoraji Mtaliana asiyejulikana. Ndege ilipotua Maskati, mzee alikwisha kuwa babu yetu, mfanyabiashara wa ubani aliyewavutia wakubwa wa Venisi hadi wakamchora. Ami angeuziwa picha ya ng'ombe, leo tungekuwa na ng'ombe katika nasaba.

Babu akatundikwa majlisini kwa ami, huko Sib, juu ya chetezo, akafukizwa udi miaka nenda miaka rudi mpaka akawa mweusi kama sufuria. Kisha Shurooq, binti wa ami, akaposwa. Yeye na mchumba wake Loay wanapendana kufa. Kikwazo ni Bi Nasriya, bibi yake Loay, ambaye huchambua nasaba za watu kama mchele.

"Bi Nasriya anakuja Ijumaa kumwona babu," ami akaniambia, akiiweka picha mezani kwenye karakana yangu Hamriya. "Msafishe ang'are."

Kusafisha picha za kale ndiyo kazi yangu. Masizi yalitoka vizuri, lakini pamba ilipogusa kidevu, ndevu nazo zikatoka. Nikawasha taa ya zambarau, inayofichua rangi iliyoongezwa baadaye. Kilemba, ndevu, masharubu, vyote vilipakwa juu ya picha ya mwanzo. Nikampigia ami simu, akaja mbio.

"Umemnyoa babu yangu!"

"Ami, huyu mwanamke."

"Mrudishie ndevu zake!"

"Siwezi. Huko ni kughushi, na mimi sighushi."

Akakaa kitini, akashika tama. "Basi zitoe zote. Nusu ndevu ni aibu zaidi."

Ijumaa majlisi ikajaa. Shurooq alimimina kahawa. Ukutani alikuwapo msichana mweupe wa Kitaliana, lulu shingoni.

"Babu yuko wapi?" akauliza Bi Nasriya.

"Babu hakupenda kuchorwa," ami akajibu bila kupepesa. "Huyu mkewe. Alimuoa huko huko."

Bi Nasriya akavaa miwani, akasogea. "Bibi yenu? Pua hii ya kwetu! Marehemu mama alikuwa nayo hii hii."

"Kumbe sisi damu moja!" ami akadakia. "Sasa tunangoja nini?"

Bi Nasriya akanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu. Sema kweli, si pua yetu?"

Nilimtazama Shurooq. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Yenu, bibi," nikasema.

Fatiha ya posa ikasomwa, halua ikapita. Nilikataa kughushi kwa brashi, nikaghushi kwa ulimi mbele ya ukoo mzima, na haya zilinishika kweli kweli. Bi Nasriya akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga.

"Na wewe nnakuona unayo kidogo."

Nikaomba ruhusa nikanawe mikono. Nilifunga mlango wa msala, nikaitazama pua yangu kiooni upande wa kulia, kisha wa kushoto.