Pip ya Mdomo

Kijijini kwetu, hapa Tyrol, kwenye milima ya Austria, huondoki maegeshoni kwenda mlimani na ski zako, mbao za kutelezea thelujini, kabla hujapimwa. Kila mtu amejifunga kifuani kidude kinachotuma mawimbi, ili theluji ikimfukia wenzake wajue pa kuchimba. Mmoja anasimama njiani na chake, wengine wanampita mmoja mmoja, na kwa kila anayepita kinalia: pip. Kisipolia, hupiti.

Jumamosi ile mpimaji nilikuwa mimi. Sasa mimi, bwana, mlio ule nauigiza kuliko kidude chenyewe. Na changu kilikuwa ndani ya makoti matatu. Katika baridi ile, nani avue?

"Kilian, mpime Ferdl!" dada yangu Burgi aliita. Anasomea kazi ya kuongoza watu milimani, na alikuwa ameshatangulia, pua imeelekea theluji kama mbwa wa polisi.

"Nampima, mheshimiwa!"

Ferdl, rafiki yetu, akapita, kofia imemfunika hadi nyusi.

"Pip!" nikasema, midomo nimeibana.

"Safi," akasema yeye, akaenda zake.

Nilikuwa nimepanga nimwambie tukifika juu, tule mkate na nyama ya moshi, tucheke mpaka tupaliwe.

Baada ya saa mbili Burgi akasimama, akachimba shimo, akakata mnara wa theluji, apime kama tabaka zake zimeshikana. Akalaza beleshi juu yake, akaanza kuligonga: mara kumi kwa kiganja, kisha kwa mkono kuanzia kiwikoni.

"Hodi hodi," nikasema. "Wenyewe wamelala."

"Funga bakuli lako, Kilian."

Kwenye pigo la kumi na mbili nusu ya juu ya mnara ikateleza yote, kama droo iliyovutwa. Burgi akanionyesha: juu bamba gumu lililoletwa na upepo, chini yake punje zisizoshikana, kama sukari.

"Tunarudi," akasema.

Hakuna aliyebisha. Tukageuka. Ferdl alikuwa hatua kama thelathini chini yetu, upande wa kulia, ameinama anakaza kiatu.

Hapo mlima ukaguna. Sina neno jingine. *Vumm*, mguno mzito uliopita chini ya miguu yetu. Ufa ukakimbia kwenye theluji juu yetu, mteremko wote wa kulia ukavunjika vipande kama sahani, na Ferdl hakuwepo.

Ilitulia haraka mno. Nilibaki nimesimama kama nguzo. Burgi alikuwa ameshashuka, kidude mkononi, amekibadili kitafute mawimbi badala ya kutuma.

"Sipati kitu! Chako?"

Cha kwangu kilikuwa kimya.

"Haiwezekani! Kililia asubuhi, si kililia?"

Neno likanitoka, dogo kabisa: "Nililia mimi. Kwa mdomo."

Sijui nilitarajia nini. Matusi, kofi. Uso wake ulibadilika rangi, basi. "Tumia macho," akasema.

Tukakimbia juu ya mabonge yale kama vichaa. Dakika ngapi, sijui. Mtu akifukiwa tunahesabu dakika kumi za kumwokoa; zikipita, tunaacha kuhesabu. Kisha nikaona ncha ya ski, fupi kama kidole, imechomoza. Burgi akachoma theluji pembeni kwa ufito wake mrefu wa kutafutia: patupu. Tena: patupu. Mara ya tatu ukagusa kitu laini.

Nilichimba nikilia. Sogora wa utani, kamasi zimeganda kidevuni. Tulipomfikia, uso wake ulikuwa wa buluu. Burgi akamsafisha mdomo, akampulizia pumzi. Mara tano, mara sita. Ferdl akakohoa.

Burgi akaita helikopta, kisha akafungua zipu ya koti la Ferdl na kukitoa kidude. Swichi ilikuwa imezimwa. Haikuguswa tangu nyumbani.

Ferdl alikuwa anatetemeka, lakini anatabasamu. "Sikuogopa sana, jamani," akanong'ona. "Huku chini nilijiambia, tulia tu Ferdl, wanakusikia. Si kililia asubuhi?"

Burgi akanitazama. "Mwambie."

Nikamwambia.

Ferdl akanikazia macho, akingoja nicheke, kama ninavyocheka siku zote utani ukiisha. Akaendelea kungoja. Helikopta ilipoanza kusikika kutoka bondeni, bado alikuwa anangoja.