Fungua Mdomo Tu

Mpishi wa shule alisimama nyuma ya kamera, mkoba kifuani, akichemka kuliko sufuria zake. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kuimba kutwa, alikuwa jukwaani ndani ya gauni la kumetameta lililobanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Saa hiyo hiyo wenzake wa chuo cha ushonaji walikuwa wanakata koti la mtihani wa mwisho. Mtihani wa mara moja kwa mwaka, na mama ndiye aliyemwambia auache.

Kisa? Televisheni ya baba yake. Mama alipokuwa mtoto, Jumamosi usiku wenzake wakishalala, yeye alinyata akajibanza mlangoni kutazama bendi zikipiga moja kwa moja, hakuna kurudia. Mwimbaji akikohoa, nchi nzima imesikia. Uzi wa gitaa ukikatika, mpigaji anacheka, wenzake wanambeba mpaka mwisho. Kipindi kilipokufa alikililia miaka kama marehemu. Basi redio ilipotangaza kwamba kinarudi vilevile, na kwamba wanatafutwa vijana wa kuimba nyimbo za zamani, masikio yake yakaziba kwa mengine yote. Chiriku alimkumbusha mtihani. Mama akamjibu kuwa mitihani haiishi, bahati ndiyo inayoisha. Enyi wenye watoto, neno hilo lisikieni vizuri, maana ndilo lililowaponza wawili hawa.

Walipofika studio, kwanza, kipindi chenyewe cha usiku kilikuwa kinarekodiwa asubuhi, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi. Hilo mama alilimeza. Kisha akaona matoazi ya ngoma yamevishwa mpira yasilie, na nyaya za magitaa zimefichwa chini ya zulia, haziendi popote. Akamwuliza mpiga ngoma. Yule, bila kuinua macho, akamwambia muziki wote umo kwenye kompyuta, sauti ni ya mwimbaji wa enzi zile, na yeye kazi yake ni kutikisa mikono.

Mtayarishaji, kijana mwenye ulimi wa asali, alikuwa akimwelekeza Chiriku.

"Wewe fungua mdomo tu, mdogo wangu. Kuimba kulishafanyika."

Mama akapita katikati ya kamera. Alisema mengi, mengine hayaandikiki. Alisema hakumtoa mwana chuoni aje kutafuna hewa. Mtayarishaji akamshika bega, akamwita mama yangu mzazi, akamjibu kwa upole unaouma kuliko tusi.

"Mama, watu wanataka kukumbuka. Hawataki kusikiliza."

"Mimi nakumbuka kwa sababu nilisikiliza. Na huo mkono utoe."

Akamwambia binti yake ashuke waondoke. Chiriku hakusogea. Alimtazama mama yake kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga, kisha akakulaumu kwa kuwa na mguu.

"Nishuke niende wapi, mama? Huko nako ulinitoa."

Hasira ya mama ikakosa pa kutua, ikamrudia mwenyewe.

Wimbo ukafunguliwa. Chiriku akafungua mdomo, ikatoka sauti nzito ya mwanamke aliyezaa na kuzika. Ubeti wa kwanza aliufuata sawasawa. Wa pili, midomo ikaachana na maneno. Akaufunga mdomo, akakilaza kipaza sauti sakafuni polepole kama mtoto aliyesinzia, akashuka. Sauti ikaendelea kuimba peke yake. Na watazamaji waliokaa mbele ya jukwaa, kwa kuwa ubao wa kuwaamuru wapige makofi ulikuwa bado juu, wakaendelea kulipigia makofi jukwaa tupu.

Mtunza mavazi aliwakimbilia hadi barabarani akidai gauni. Mama akamwambia alifuate chuoni.

Getini walimkuta mwalimu wa ushonaji. Kabla hawajafungua kinywa alishaanza kutikisa kichwa: aliyechelewa amechelewa, vitambaa vimegawiwa, mlango umefungwa. Mama akavuta pumzi, tayari kumshukia kama mwewe. Alikuwa na maneno ya kuangusha geti.

Chiriku akamwekea mkono mbele.

"Usiseme kitu, mama. Umeshanisemea vya kutosha."

Akamnong'oneza mwalimu, geti likafunguliwa kidogo, akaingia naye, wakiongea, gauni la kumetameta likiburuta vumbi la uwanja. Mama hakusikia walichosema. Alibaki upande wa nje, vidole vimeshika chuma, hasira imemjaa mpaka kooni, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa yeye kumgombeza.