Ini la Mwinjilisti

...na wakishatoka hapo sebuleni, wakishavuka ua wa nje, wataambizana kwamba ni pombe, najua, ini haliharibiki bure, watasema, mwinjilisti Gideon naye kumbe alikuwa na kichupa chake cha rubisi mahali, baba yangu huyu, ambaye kwenye harusi ya kaka Rwezaura alikataa hata kusogea karibu na mtungi wakati wa kupiga picha, na anajua kwamba watasema, ndiyo maana kila mgeni akiingia anajitahidi kukaa wima kitandani, na lile tumbo lake, na macho yake ya manjano, anatabasamu kama anayeomba kuaminiwa... "Ainebyona, unamenya na nyama yake," mama anasema, na kweli, ganda ninalolitupa ni nene, kama la mtu aliyeanza kumenya ndizi leo, iliyobaki mkononi imekuwa kijiti, "samahani mama," naiweka kwenye beseni la maji, nachukua nyingine, utomvu umeshanigandia vidoleni, mama yeye anamenya bila kutazama, kisu kinapita, ganda linaanguka, anatazama mlango, jiko letu lina mlango mmoja tu na mlango huo unatazamana na baraza, na barazani amekaa baba mdogo Rwegasira, mdogo wake baba, na wazee wawili wa kanisa, kila wanachosema tunakisikia, na mimi nikitaka kutoka, hata kwenda chooni tu, lazima nipite mbele yao, na mmoja wao atanishika mkono, mwanetu, si wewe ndiye unayesomea maini huko Dar es Salaam? Ndiye mimi. Ndiye mimi, mzee wangu, shikamoo, nasomea saratani ya ini, na nitasema nini baada ya hapo, maana hapa nyumbani wameshaelewa kwamba natengeneza dawa, tangu baba aanze kuvimba ukoo mzima umenigeukia, bahati yetu tuna mtoto wetu huko huko, wanasema, kama vile mtoto ana chupa mfukoni na anasubiri tu aombwe vizuri. Kazi yangu nachukua kipande cha ini la mgonjwa, kidogo kama punje ya mchele, nakisaga, natoa humo ujumbe ambao jeni zinautuma ndani ya chembe, halafu mashine inaniambia ni jeni zipi zinapiga kelele na zipi zimenyamazishwa, basi, ndiyo kazi yenyewe, mwisho wake ni picha kwenye kompyuta, vijisanduku vyekundu na vya buluu, nyekundu ni ile inayosema kupita kiasi, buluu ni ile iliyofungwa mdomo, na mara nyingi zilizofungwa mdomo ndizo zilizotakiwa kuiambia chembe ya saratani, wewe, acha kugawanyika, inatosha... Baba ndiye pekee aliyewahi kuniuliza hadi akaelewa. Alikuwa bado anatembea wakati ule, alikuwa bado anaongoza kwaya, akaniketisha kibarazani akasema, "Hizo jeni zako, zinasemaje hasa? Usinifundishe kama mwanafunzi, niambie kama baba yako," nikamwambia, "Chukulia kila chembe ya mwili ni mwanakwaya, wote wamepewa kitabu kilekile kizima cha nyimbo, lakini chembe ya jicho inaimba nyimbo za jicho, ya ini inaimba za ini, zilizobaki inazifunga," akafikiri, akasema, "Na saratani?" nikasema, "Saratani ni pale mmoja anapofungua kurasa zisizo zake na kunyamazisha wengine," akacheka mpaka akashika ubavu, "Huyo namjua, huyo yupo kwenye sauti ya tatu," akacheka tena, na mkono ukabaki palepale ubavuni, upande wa kulia, na mimi niliuona ule mkono, nikauona jinsi ulivyobaki... "Leta hizo za chini," mama anasema, namsogezea ndizi za kwenye kitako cha mkungu, moshi unageuka unatujia sisi, macho yanauma, afadhali, nina sababu ya kuyafuta. Barazani baba mdogo amepandisha sauti, hajali tena kwamba mgonjwa yuko nyuma ya ukuta, "Mimi nawaambia, kaka yangu hakuugua, kaka yangu amelishwa," na mzee mmoja anasema, "Taratibu, Rwegasira," naye anasema, "Taratibu ya nini? Nani alikuwa anamletea juisi ya ndizi kila wakitoka mazoezini? Si yule Beata? Nani mwingine aliyeinywa? Alikunywa yeye peke yake!" na mama hapa kisu kimesimama, kimesimama kidogo tu, halafu kinaendelea. Beata. Mjane wa hapo ng'ambo ya shamba letu la kahawa, anayeimba sauti ya pili, aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule, leo hayupo kati ya wageni, jana nilimkuta njiani akasimama kwa mbali, hakusogea, alikuwa ameshika ndoo yake kama mtu anayengoja kufukuzwa, na nilitaka kumkimbilia nimwambie si wewe, shangazi, si juisi, najua ni nini, nikamwambia tu, "Shikamoo, mvua imekataa," akasema, "Marahaba, imekataa kweli," tukapishana. "Kesho napanda pikipiki nakwenda Kyerwa," baba mdogo anasema, "kuna mtu huko, yeye anataja jina la aliyeroga hadharani," na kinachonitisha ni wazee wa kanisa wale, hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Ningeweza kusimama sasa hivi. Ningeweza kuvuka huu ua nikasema, baba mdogo, kina jina, ni kirusi, kinaitwa homa ya ini aina ya B, kinakaa kwenye damu miaka na miaka bila mtu kuhisi chochote, kinakula ini polepole, na siku moja saratani inaanzia hapo, hakuna juisi, hakuna pombe, karatasi ya hospitali ya rufaa inasema hivyo na daktari aliniambia mwenyewe koridoni, "Dada, unajua maana yake, nyumba nzima ipimwe," na nikasema najua, nikaliweka hilo neno ndani yangu nikalifungia, kwa sababu swali litakalofuata ni moja tu, kirusi hicho kimetoka kwa nani... na hapo ndipo nilipokwama, tangu Pasaka nimekwama hapo hapo, nazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kamba, kila nikienda upande huu kamba inanirudisha kwa mama. Bibi, mama yake mama, alikufa tumbo limevimba hivihivi. Mama alikuwa ndiye anayemwogesha. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ile ngozi ilivyong'aa, nakumbuka majirani wakisema karogwa, wakahama na mashamba yao wakayaacha, na sikufikiria tena habari ya bibi mpaka ile siku ya maabara, tulipoambiwa wote tupimwe damu kabla ya kuchanjwa, kwa kuwa tunashika maini ya watu, wenzangu wakachomwa sindano wakarudi kazini wanacheka, mimi nesi akaniambia, "Wewe dada baki kidogo," akafunga mlango. Ninacho. Ninacho mimi pia, ini langu bado zima, napimwa kila baada ya miezi kadhaa, daktari anasema huenda nilizaliwa nacho, na nikarudi kwenye meza yangu siku ileile nikavaa glavu nikaendelea kusaga maini ya watu ili nijue ni jeni zipi ambazo kirusi hicho kimezinyamazisha, na sikumwambia mtu, si baba, si Rwezaura, si yeyote. Halafu likaja ini la baba. Walipomkata kile kipande hospitalini, kijana wa utafiti alimuuliza kama atakubali kingine kidogo kiende kwenye masomo, baba akanigeukia, "Ni hayo yako?" nikasema, "Ndiyo, tata," akasema, "Yatanisaidia mimi?" na ningeweza kudanganya lakini alikuwa ananitazama vile, nikasema, "Hapana. Yatasaidia watu wa baadaye," akasema, "Basi kateni, maana hilo ini lenyewe siku hizi halinisikii." Vichupa havina majina vikifika kwetu, vina namba tu, hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo yupo humo, yupo kwenye ile picha ya nyekundu na buluu, kila mstari mgonjwa mmoja, na mimi sijui wake ni upi, nimekaa mbele ya kompyuta nikaipitia yote mmoja mmoja, nikisema ni huyu, hapana, huyu amezidi wekundu, ni huyu, mpaka wote wakawa baba, nikazima mashine nikaenda kunawa uso... "Hodi humu," ni Vero, mke wa Rwezaura, anaingia na tumbo mbele, ameshika kiuno, "Mama, naomba maji ya moto, baba anataka kufutwa miguu," mama anamwambia, "Chota hapo, usiinamie moto," naye anachota kwa kikombe, ananiangalia, anacheka, "Wifi, huyu wa kwako leo hatulii, tangu asubuhi ananipiga mateke, nadhani anataka kuja kumwona babu yake akingali..." anajishika mdomo, "Samahani mama," mama anasema, "Hakuna, nenda, maji yatapoa," na Vero anatoka, ndala zake zinaburuzika uani, anapita mbele ya wanaume bila shida yoyote, wanampisha, na mimi namtazama mgongo mpaka anapotelea ndani. Mtoto yule. Rwezaura ni ndugu yangu tumbo moja, kama mimi ninacho na yeye anaweza kuwa nacho, na kama yeye anacho Vero anaweza kuwa nacho, na mtoto anatakiwa achanjwe siku ileile anapozaliwa, si wiki ijayo, si wakishamaliza msiba, na Vero hajapimwa kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna cha kupima, anayejua ni mmoja tu, amekaa jikoni anaharibu ndizi. Nitamwita pembeni. Nitamwambia apime tu, ni kawaida, wajawazito wote hupima, nitatafuta maneno... halafu majibu yakitoka? Atamuuliza Rwezaura, Rwezaura ataniuliza mimi, na nitarudi palepale, kwa mama, mama ambaye akisikia mtoto anakipata kwenye damu ya mama yake anapozaliwa hatasikia kingine, hatasikia kwamba baba huenda alikipata utotoni kabla hata hawajajuana, hatasikia huenda, atasikia mimi, ni mimi niliyewapa wanangu, ni mimi ninayemuua mume wangu, na atabaki na hilo kwenye nyumba hii wakati mimi nimepanda basi kurudi Dar es Salaam kwenye mashine zangu. Kwa hiyo ninyamaze? Nikinyamaza wanamchukua Beata. Nikinyamaza mtoto anazaliwa hivyohivyo. Moshi umejaa tena, hapa ndani hakuna dirisha, ningetoka, ningetoka dakika moja tu nipate hewa, lakini wale pale barazani, nikitokeza kichwa tu... "Ainebyona." Sijui ameniita mara ngapi. Amekiweka kisu chini. Mama hajawahi kuweka kisu chini ndizi zikiwa hazijaisha. "Wewe umesoma. Mimi nimekuacha kwa sababu niliona hutaki kuulizwa. Lakini umewasikia wale, kesho wanakwenda kumtaja mtu. Kilichomshika baba yako ni nini?" Ni saratani tu mama, huwa inatokea, ndivyo nilivyomwambia Pasaka, ulimi unajua njia, ungeweza kusema tena peke yake, namtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nije, na naona hajalala, naona kwamba tangu asubuhi hakuwa anatazama mlango kwa sababu ya wanaume, alikuwa ananipa nafasi ya kusema bila kutazamwa, na kwamba mwanamke huyu alimwogesha bibi mpaka siku ya mwisho huku majirani wakihama, nani aliniambia hawezi kubeba neno? "Mama," nasema, sauti inatoka ndogo, "ni kirusi. Kiko kwenye damu. Na mimi ninacho." Maji yanachemka. "Tangu lini?" "Naona nilizaliwa nacho." Naona likiingia. Naona likishuka taratibu, kutoka machoni mpaka kwenye mikono, na mikono inashikana, na mdomo wake unatikisika kama anahesabu, Rwezaura, mimi, na mdogo wetu mmoja aliyefariki, nataka kusema huenda mama, huenda, hakuna anayejua kwa hakika, lakini amenitangulia, anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo mama yangu hakurogwa," nasema, "Hapana, mama, hakurogwa," "Na hata mimi sikujua," "Usingeweza kujua. Hakuna aliyejua," anafuta uso kwa ncha ya kitenge, anafuta tena, na nangoja aanguke, nimejiandaa kumshika, barazani baba mdogo bado anapanga safari ya pikipiki, lile jina la Beata linatajwa tena, na mama anageuza kichwa upande wa nyumba, anaita kwa sauti ile ya kuita watu kutoka shambani, "Vero! Acha hiyo miguu, njoo hapa!" kisha anaita tena, "Na wewe Rwegasira, njoo jikoni. Ndiyo, jikoni, wewe," na hajawahi kumwita shemeji yake jikoni, kiti kinasogezwa, ndala za Vero zinakuja zikiburuzika, anauliza kuna nini mama, mama anamvutia kigoda chake mwenyewe, "Kaa. Wifi yako ana neno, tulisikilize sote," na kivuli cha baba mdogo kinaziba mlango, mlango wetu mmoja, sina pa kupita kabisa sasa, wote wananitazama, na naanza tena, kuanzia kwenye damu.