Makofi Chumbani kwa Dada

Dada alikuwa akishona kola ya shati la mteja makofi yalipoanza tena chumbani. Yalitokea juu ya kabati, yakajaa chumba kizima, pini zikacheza kwenye kisosi. Jirani akagonga ukuta.

"Jamani, leo tena?"

"Nivumilie, jirani yangu. Ndiyo anamaliza."

Upande wa pili wa mji, mdogo wake alikuwa ameinama mbele ya okestra anayoiongoza, jasho likimtiririka. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama unampigia makofi, na hayakusikika hata kidogo. Viganja vilikutana, basi. Mtu aliyekohoa viti vya nyuma alisikika vizuri sana.

Ilikuwa hivyo tangu onyesho lake la kwanza, na watu walishazoea. Fundi umeme wa ukumbi alipanda ngazi, akashuka, akasema nyaya ni nzima. Magazeti yaliandika kwamba hiyo ndiyo heshima inayomfaa mtoto wa mshairi; hawa wa magazeti hawakosi neno. Jina la marehemu baba lilitangulia lake kwenye kila bango.

Mdogo mtu mwenyewe sababu aliijua. Zamani, siku ya mtihani wa kuingia chuo cha muziki, waombaji walipiga piano nyuma ya pazia, ili waamuzi wasipendelee mtoto wa mtu. Zamu yake ilipofika akaanza kulia. Dada, aliyekuja kumsindikiza tu, akamsogeza kando.

"Nyamaza. Niachie mimi."

Akapiga. Waamuzi wakampokea mdogo wake. Mwaka uliofuata dada naye alitaka kwenda kufanya mtihani wake, lakini baba akaugua macho, akahitaji mtu wa kumwandikia mashairi.

"Huyu atabaki na mimi," baba alisema wakiwa mezani. "Kwanza piano yenyewe anabahatisha tu."

Mdogo wake alikuwepo. Alikula, akanyamaza, na chakula kile hakijamshuka mpaka leo.

Alhamisi alikwenda kwa dada na koti lake la maonyesho, bitana imeachia.

"Wateja wananikimbia kwa kelele zako," dada alisema akitunga uzi. "Sitaki sifa, mdogo wangu. Sema tu kwamba siku ile nilipiga mimi."

"Nitasema Jumamosi, dada. Naona aibu mpaka usingizi sipati."

"Haya. Jumamosi."

Jumamosi okestra ilipumzika, naye akapiga piano peke yake, kipande kilekile cha mtihani. Kisha akasimama.

"Dada yangu," alisema, "bila yeye nisingekuwa hapa."

Watu waliguswa. Wakasimama wote, wengine wakifuta machozi, wakapiga makofi yasiyo na sauti. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Hata angenong'ona yaliyobaki, wa viti vya nyuma wangesikia. Akainama.

Asubuhi akaenda kwa dada. Kikombe kilikuwa kimetikiswa na makofi mpaka kikaanguka, na dada alikuwa akizoa vipande.

"Umesema?"

"Nimekushukuru, dada. Mbele ya watu wote."

"Nilisikia. Wamefurahi sana."

Akamvua koti, maana bitana ilikuwa imeachia tena.