Mama Pudensiana wa Tengeru

Mama Pudensiana wa Tengeru alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwenye meza ya mbogamboga sokoni na magoti yaliyopona yenyewe. Presha ilikuwa imemtesa miaka tisa. Siku moja akaacha vidonge, akaanza kutembea pekupeku kwenye umande kila alfajiri, na sasa alikuwa mzima kabisa. Watu elfu nne wa kundi la Tufike Mia walimjua na kumpenda. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Aliyemtunga ni Hafidha, mwanamke wa miaka thelathini na moja aliyekuwa akiishi na mama yake Kaloleni. Luqman alikuwa amemwajiri kwenye podikasti yake ya afya na maisha marefu, akate sauti zilizorekodiwa na kulichunga kundi la wasikilizaji. "Kundi likipoa na sisi tumekwisha," Luqman alimwambia wiki ya kwanza, akamkabidhi simu ndogo ya ofisi yenye laini mpya. "Wewe tia kuni." Hafidha akatia kuni. Jina alilitoa kwa mwalimu wake wa darasa la tatu, na kwa kweli alifurahia kazi hiyo, maana Mama Pudensiana alikuwa na maneno kuliko yeye.

Kundi lenyewe wala halikuhitaji kuni nyingi. Sironka wa Oldonyo Sambu alishikilia kwamba binadamu aliumbiwa maziwa na nyama, mchicha ni wa mbuzi. Evelyn wa Njiro alikuwa hali kitu kwa saa kumi na sita kila siku, na kila siku aliwatangazia. Kulikuwa na waliokula kiini cha yai na waliokitupa, na pande hizo mbili zilikuwa hazisalimiani tena. Mtu mmoja aliuliza kwa upole kama ni kweli chumvi ya mawe haipandishi presha, wakagombana siku tatu, na mwenyewe akajitoa kundini bila kupata jibu. Wote hao walikuwa wanaogopa kufa, basi. Hafidha aliwaonea huruma, ila huruma hiyo haikumzuia kuwachochea.

Kilicholiwasha kundi hasa ni kipindi cha Mzee Sumari. Luqman na Hafidha walipanda mpaka kwake, huko juu kwenye migomba na kahawa, wakamkuta mzee wa miaka tisini na minane akipalilia mwenyewe. Luqman akawasha kinasa sauti, akaamkia, akauliza habari za afya. Mzee akajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri akitembelewa na wageni. "Nzuri sana. Siumwi kitu. Tunamshukuru Mungu." Mkwewe, Eunike, akawaletea loshoro, yale mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando, wakala, wakanawa mikono. Hapo mzee akaona salamu imetimia, akaendelea pale alipoishia. "Ila presha ndiyo inanisumbua. Bila vile vidonge vya asubuhi mngekuta kaburi hapa. Eunike, hebu walete wavione."

Kila mtu anajua salamu zetu zinavyokwenda. Unasema nzuri kwanza, hata kama paa linaungua, halafu ya moyoni yanafuata baada ya ila. Hafidha alilijua hilo kabla hajajua kusoma, na Luqman pia. Lakini walipokaa ofisini kukata sauti, Luqman alisema, "Ishia kwenye tunamshukuru Mungu. Pametulia hapo." Hafidha akakata. Hakuhisi kitu chochote, na baadaye kule kutohisi kitu ndiko kulikomtesa.

Kipindi kilisikilizwa kuliko vyote. Mzee wa miaka tisini na minane, haumwi kitu, hajui dawa, anakula loshoro. Kundi likapagawa. Wengine walibishana kuhusu umri wake, wengine kuhusu maziwa, na kukawa na wachache waliouliza kama basi na wao wanaweza kuacha vidonge. Luqman akamwangalia Hafidha. Hafidha akachukua simu ndogo, na Mama Pudensiana akaandika: "Huyu mzee ni jirani yangu. Nimefuata mfano wake, vidonge nimeviacha, leo mwezi wa tatu. Sijawahi kujisikia hivi tangu usichana."

Jioni hiyo hiyo, Hafidha akiwa jikoni anakaanga samaki, simu ndogo ikapokea ujumbe wa pembeni.

"Asalaam aleikum dada Pudensiana. Naitwa Rukaiya, niko Kaloleni mjini. Samahani kwa usumbufu. Nimependa maneno yako."

Bi Rukaiya alikuwa sebuleni. Hafidha aliweza kumwona kupitia mlango, ameinamia simu yake, anabonyeza kwa kidole kimoja. Mama yake mzazi. Hata hakujua kwamba yumo kwenye kundi. Baadaye aligundua kuwa jirani yao Nusura ndiye aliyemwingiza.

Hapo ndipo angemaliza. Angetoka na mwiko mkononi akasema mama, huyo ni mimi, wangecheka, samaki wangeungua kidogo na maisha yangeendelea. Lakini aliona haya, akajiambia atajibu mara moja tu kwa adabu. Akajibu. Mama yake akacheka peke yake sebuleni, kicheko ambacho Hafidha hakuwa amekisikia tangu baba afariki. Basi akajibu tena.

Ikawa desturi. Kila siku baada ya alasiri Bi Rukaiya alimwandikia rafiki yake wa Tengeru. Alimsimulia utoto wake Kondoa, mume wake, ndoto zake, meno yake. Hafidha alisoma yote akiwa amejifungia chooni, kwa aibu na kwa uroho, maana mama huyu wa kwenye ujumbe, yeye Hafidha hakuwa akimfahamu. Yeye alipomwuliza mama yake umeamkaje, alijibiwa nzuri, alhamdulillahi, na hapo mazungumzo yalifungwa. Mwaka wa sita sasa mama yake alikuwa nzuri tu.

Mwezi ulipokwisha ukaja ujumbe mrefu.

"Dada, na mimi vidonge nimeviacha. Mwanangu ananiwekea kando ya chai, nafanya kama nameza, navificha kwenye pindo la kanga. Wala si kwa ajili ya mzee peke yake. Kile cha kutoa maji kinanidhalilisha. Kwenye maulidi ya kina Nusura mkojo ulinitoka mbele za watu, nikasingizia nimemwaga chai. Daktari ni kijana wa kiume, nitamwambiaje? Mwanangu akijua nitakufa kwa aibu. Nimekwambia wewe peke yako katika dunia hii, kwa sababu hatujaonana."

Hafidha alisoma mara tatu, akaketi juu ya ndoo. Baba yake alikuwa ameondoka kwa presha hiyo hiyo, mchana kweupe, akiwa ameshika gazeti. Sasa alijua kitu ambacho kingeweza kumuua mama yake, na hakuwa na njia halali ya kukijua.

Akajaribu njia zote zilizobaki. Alianza na ya kibinti, akamwuliza mama yake jioni kama vidonge vinamkera. "Haviniudhi kitu," mama alisema, "mimi nzuri." Akaenda kwa Luqman kumwomba arushe kile kipande cha Mzee Sumari kilichokatwa. Luqman alikataa bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nilisema ukate, ni kweli," alisema. "Lakini Pudensiana niliandika mimi? Ukifungua hili, fungua na lile."

Hafidha akakirusha mwenyewe. Kilikaa kundini dakika kumi, Luqman akakifuta, ila dakika kumi zilitosha wasikilizaji kutoa hukumu: hiyo ni sauti ya kutengenezwa na kompyuta, wenye maduka ya dawa wameshaingia. Sironka alisema hata pumzi ya mzee inasikika ya uongo.

Bi Rukaiya alikuwa amekisikia. Hafidha alimsikilizisha tena nyumbani, mwanzo mpaka mwisho, Eunike anasikika kabisa akitikisa kopo la vidonge. Mama alisikiliza kwa makini. "Maskini mzee wa watu," alisema, "kumbe naye anaumwa." Akaamini kila neno. Na asubuhi iliyofuata, Hafidha akichungulia, vidonge viliingia kwenye pindo la kanga kama jana.

Ilibaki njia ya Mama Pudensiana. Aliandika: "Dada Rukaiya, nilianguka sokoni juzi. Nimerudi kwenye vidonge, na wewe rudi. Mwambie daktari hilo la maji, atakubadilishia. Au mwambie binti yako." Alituma, akasubiri akiuma kucha.

"Pole sana dada yangu," mama yake akajibu. "Wewe meza, upone, nitakuombea. Mimi siwezi kumwambia mtu. Tafadhali tusiliongee tena, nitashindwa hata kukuandikia."

Hapo Hafidha akakwama kwelikweli. Akinyamaza, mama anakufa. Akisema anayoyajua, mama atauliza umejulia wapi. Alizunguka nayo wiki nzima, kazini na nyumbani, na huko kundini Mama Pudensiana akaendelea kuulizwa loshoro inachemshwa kwa dakika ngapi.

Jumamosi asubuhi Bi Rukaiya alimimina chai nje ya kikombe. Alimimina kwa utulivu, mezani, mpaka ikaanza kudondokea sakafuni, na alipoambiwa akasema haoni vizuri upande huu. Hafidha hakubishana. Aliita bajaji, akamfunga mama yake mtandio, wakaenda zahanati.

Kipimo cha presha kilionyesha mia moja tisini na sita kwa mia moja na kumi na mbili. Muuguzi alirudia kupima, ikawa ileile. Daktari Romanus, kijana wa rika la Hafidha mwenye sauti ya upole, alivuta kiti.

"Shikamoo mama. Habari za afya?"

"Marahaba. Nzuri, baba."

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Vyote? Kila siku?"

"Kila siku."

"Vinakusumbua popote?"

"Havinisumbui."

Hafidha alikaa ameshika mkoba kifuani. Alimngojea mama yake aendelee. Alimngojea kwa moyo wote, kama watu wote wanavyongojea baada ya nzuri, na mama alikuwa anatazama ukuta.

"Basi dozi ni ndogo," Daktari Romanus alisema, akachukua kalamu. "Hiki cha kutoa maji nitakizidisha mara mbili."

"Usikizidishe, daktari," Hafidha alisema. "Hamezi. Anaficha kwenye kanga. Kile cha maji kinamwaibisha. Kwenye maulidi ya kina Nusura mkojo ulimtoka mbele za watu, akasingizia chai."

Daktari hakushtuka hata kidogo. "Ndiyo hilo tu, mama yangu?" alisema. "Wanaokuja na shida hiyo hapa ni wengi mno. Tunakitoa, nakupa cha aina nyingine, hakina mambo hayo." Akaandika. Dakika mbili tu, na lile jambo lililokuwa limemfungia mama yake miezi miwili likawa limekwisha kwenye kikaratasi.

Bi Rukaiya hakumsikia daktari. Alikuwa amegeuka, anamwangalia binti yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamwangalia taratibu, macho, mdomo, mikono, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu.

Walimpa dozi ya kwanza, wakamweka kitandani mpaka saa saba, kipimo kikashuka na jicho likafunguka. Walitoka nje wakakaa kwenye benchi la zahanati kungoja bajaji. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka shingoni. Mama akatoa simu yake kwenye mtandio, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja moja, bila haraka.

Hafidha alielewa akiwa amechelewa. Alitumbukiza mkono kwenye mkoba kutafuta simu ndogo aizime, akashika funguo, akashika kitana, na simu ikatetemeka kati ya vidole vyake, na mlio wake mdogo ukasikika benchi zima.

"Simu yako," mama alisema.

"Ni ya ofisini."

"Soma. Huenda ni muhimu."

Hafidha akasoma, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

"Dada Pudensiana, habari za leo. Mimi nzuri, nimepata dawa nyingine. Ila leo nimefiwa na rafiki yangu."

Hafidha akasema mama, akasema nisamehe, akasema nilikuwa naogopa utakufa. Yote yalikuwa kweli na yote yalitoka pamoja. Bi Rukaiya alimpigapiga gotini mara mbili, vile unavyomtuliza mtoto wa jirani, akainuka maana bajaji ilikuwa imefika.

Jioni hiyo, simu ndogo ikiwa mezani, watu wa Tufike Mia walikuwa wanamwulizia Mama Pudensiana, mbona kimya, au anaumwa. Bi Rukaiya aliitazama ikiwaka na kuzima. Kisha akachukua kidonge kipya, akakiweka kwenye ulimi, akafungua mdomo wazi binti yake aone, akameza kwa maji.

"Unajisikiaje, mama?" Hafidha aliuliza.

"Nzuri."

Hafidha akangoja. Mama yake akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.