Sabuni juu ya Kioo

Kwanza Paluku, fundi wa rangi, alisugua sabuni juu ya vioo sita vya mlango, ndani na nje, hata vikawa vyeupe. Ndipo alipochovya burashi katika kopo la rangi ya kijani na kuanza kupaka chuma.

"Rangi ikirukia kwa kioo, haitashika," alisema. "Kesho nitakuja kuitosha kwa kitambaa."

Élise alisimama nyuma yake, ameshika pindo la kitenge. Tangu yeye na mumewe walipohamia mtaa wa Saio, mlango ule ulimnyima amani. Kila jioni alipowasha taa, alijiona kama bidhaa iliyoanikwa dukani, mpita njia yeyote ajichagulie.

"Papa Paluku, upake na vioo."

"Mama Priscille, kioo ni ya kuona. Kama unataka ukuta, ita fundi wa matofali."

"Ya kuona nani? Watu wa barabara ndio wanaona siye."

"Bwana yako alisema chuma tu. Akirudi, musemezane. Miye sitaki kuvunja ndoa ya watu juu ya rangi."

Élise hakucheka. Anaclet, mume wake, alikuwa ameondoka asubuhi kwa pikipiki kwenda kununua maharagwe Iga Barrière. Adhuhuri jirani alipita mbio akisema risasi zimesikika njiani. Tangu hapo simu ya Anaclet haikupatikana.

Mawingu yalipotanda, Paluku alimaliza chuma akaenda zake, akaacha kopo na burashi. Élise alitia komeo. Akapaka kioo kimoja baada ya kingine upande wa ndani, juu ya ile sabuni, hata mchana ukafa chumbani. Binti yake Priscille alimtazama kutoka mkekani.

"Mama, papa akifika, tutajua namna gani ni yeye?"

"Papa iko na mdomo. Ataita."

Mvua ikashuka. Ilipiga mabati kwa nguvu hata Élise akamwona mtoto akikohoa pasipo kumsikia. Katika kishindo kile aliona komeo likitikisika. Likatulia. Likatikisika tena, safari hii kwa hasira.

"Ni nani?" aliita, na sauti yake haikufika hata masikioni mwake.

Alimsukuma Priscille chini ya kitanda, akarudi mlangoni kwa magoti. Kama ni wale waliopiga risasi njiani, kufungua ni kuwakaribisha wamuue mtoto. Kama ni Anaclet, pengine anavuja damu, naye mkewe amejificha hatua moja tu kutoka kwake. Alitamani kuchungulia. Lakini alikuwa amejipofusha kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo alipokumbuka sabuni. Alikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama utando wa maziwa, ikaacha tundu dogo kama punje ya haragwe. Sabuni ya nje ilikuwa imeoshwa na mvua ya upepo. Akaweka jicho.

Jicho jingine lilikuwa pale pale, likimtazama.

Alianguka nyuma. Komeo likatulia, na utulivu ule ukamtisha kuliko kugongewa. Alipochungulia tena, aliona mgongo wa mtu akikimbilia barabarani, na kwenye bega la koti lake kiraka chekundu. Kiraka kile alikishona yeye.

Akafungua, akakimbia peku ndani ya tope, akamkamata Anaclet kwenye ua. Viganja vya mumewe vilikuwa vya kijani kwa rangi mbichi ya mlango.

"Nimepiga, nimeita, hakuna jibu," alisema. "Vioo vyote vimezibwa. Halafu lile jicho. Nikasema wamekwisha kuwamaliza, sasa wanangojea miye."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kuita watu." Akafuta viganja kwenye koti. "Sijui, mama. Miguu ndiyo ilienda."

Ndani, Priscille alitoka chini ya kitanda akaushika mguu wa baba yake, asiuachie. Élise alitia komeo, akaanza kukwaruza upya.

"Kimoja tu," alisema. "Kile cha usawa wa macho yako."

Anaclet akakwaruza pamoja naye, kucha kwa kucha. Kioo kilipotakata, wote wawili walichungulia. Mvua ilikuwa ikipungua, na barabarani watu wenye magodoro vichwani walikuwa wameanza kupita, wakitokea upande wa Iga Barrière.